Kofia Mbili, Maikrofoni Moja: Mwongozo Kamili kwa Mtangazaji wa Michezo Anayeendesha Pia Kipindi cha Maoni

Jumamosi unatangaza mechi, Jumatatu unaendesha kipindi cha maoni kuhusu mechi ileile. Kwa msikilizaji sauti ni moja, na anaiamini Jumatatu kwa sababu aliizoea Jumamosi. Kwenye makaratasi hizo ni kazi mbili, na mara nyingi zinavutana. Haki za kurusha mechi zimenunuliwa kutoka kwa ligi. Kipindi cha maoni kinatakiwa kuihoji ligi hiyohiyo: waamuzi wake, ratiba yake, fedha zake, jinsi inavyowatendea wachezaji walioumia. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi, lakini watangazaji wengi wanaziweza, mradi wajue mapema zinapoachana.

Wengi wakisikia mgongano wa maslahi wanawaza bahasha. Bahasha zipo, ila si hizo zinazoharibu vipindi vingi. Kinachoviharibu ni mada ambayo haikuguswa kabisa. Ukisema uongo hewani, kuna mtu atapiga simu kukusahihisha. Mada uliyoiruka haimpigishi mtu simu, na wewe mwenyewe baada ya miezi michache utakuwa umeshajiaminisha kwamba haikuwa na uzito. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zinahangaika na ukimya kuliko zinavyohangaika na upendeleo wa wazi.

Mwongozo huu ni wa mtangazaji mwenyewe, mhariri wake, na yule aliyeanzisha podikasti pembeni na hana mhariri wa kumuuliza.

Hatua ya 1: Andika kila kinachokufunga

Chukua karatasi moja. Andika anayekulipa, iwe mshahara, posho, tikiti, safari, au gari uliloazimwa na mdhamini. Andika unachomiliki: hisa, kampuni ya matukio, sehemu ya klabu ndogo. Andika uliowachezea au kuwafundisha. Andika ndugu na mwenza wako ikiwa wana kazi ndani ya mchezo huo. Andika wakala wako, na usiishie kwenye jina lake: andika wateja wake wengine. Mtangazaji anayesimamiwa na wakala mmoja na kocha anayemchambua ana jambo la kuandika hata kama hajawahi kunywa chai na kocha huyo.

Mstari ambao karibu kila mtu anausahau ni wa mwisho: unachokitamani. Kama unatarajia kuitwa kwenye benchi la ufundi, kuteuliwa kwenye kamati ya shirikisho au kuwa msemaji wa klabu, matarajio hayo yanakushika leo hii kabla hujalipwa hata senti. Ukiniuliza mimi, yanashika kuliko mshahara, kwa sababu mshahara una mkataba na matarajio yana adabu tu. Anayesubiri kuajiriwa huuma na kupuliza.

Mifano haiko mbali. Gary Neville alikuwa mchambuzi wa soka wa televisheni ya Sky kwa jina kubwa huku akiwa msaidizi wa kocha wa timu ya taifa ya Uingereza kati ya 2012 na 2016. Brad Gilbert alikuwa mchambuzi wa tenisi wa ESPN, kituo cha michezo cha Marekani, mwaka 2023 na wakati huohuo kwenye benchi la ufundi la mchezaji Coco Gauff. David Coulthard aliingia BBC mwaka 2009 kuchambua mbio za magari za Formula One akiwa bado mshauri wa timu ya Red Bull. Hakuna kati yao aliyeficha kitu. Mambo yote yalijulikana. Ila kujulikana kwa watu wa ndani si sawa na kujulikana kwa aliyewasha redio sasa hivi.

Mfano unaofaa kuangaliwa kwa karibu ni wa Tom Brady, nyota wa zamani wa NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani. Mwaka 2024 alianza kazi ya uchambuzi wa mechi kwenye televisheni ya Fox kwa mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 375 kwa miaka 10. Oktoba mwaka huohuo wamiliki wa klabu za NFL waliidhinisha anunue sehemu ya klabu ya Las Vegas Raiders. Ligi ikamwekea mipaka: asiingie kwenye vituo vya klabu nyingine, asitazame mazoezi yao, asishiriki vikao vya maandalizi ambavyo watangazaji huzungumza na makocha na wachezaji kabla ya mechi, na kama mmiliki mwingine yeyote, asiwaponde waamuzi wala klabu nyingine hadharani. Msimu wa 2025 ukaja na nafuu, akaruhusiwa kushiriki vikao hivyo kwa mbali. Septemba 2025 kamera zikamnasa kwenye chumba cha makocha wa Raiders akiwa na vipokea sauti masikioni, na ligi ikasema hakuna kanuni inayokataza.

Utaona kuwa mipaka hiyo inazilinda klabu nyingine dhidi ya Brady. Mtazamaji amelindwa wapi? Mchambuzi asiyeruhusiwa kumponda mwamuzi ameachiwa nusu ya kazi yake, na nusu iliyokatwa haitangazwi wakati wa mechi. Kwa hiyo unapoandika orodha yako, usijiulize kama mwajiri ameridhika. Jiulize msikilizaji angependa kujua nini.

Hatua ya 2: Soma mkataba ukitafuta usichoruhusiwa kusema

Watu husoma mikataba wakitafuta fedha. Wewe isome ukitafuta kimya. Vifungu vyenyewe havijiiti hivyo. Vinajiita kulinda heshima ya ligi, kulinda chapa ya mshirika, kutotoa kauli zinazoweza kuathiri uhusiano wa kibiashara, au kupata kibali kabla ya kuonekana kwingine. Tafuta pia kinachosema ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya nani awe mtangazaji. Iwapo mwenye mchezo anaweza kukuondoa, basi ni bosi wako hata kama mshahara unatoka kwa kituo.

Kriketi imetupa somo lililo wazi. Bodi ya kriketi ya India ilikuwa na mikataba ya moja kwa moja na Sunil Gavaskar na Ravi Shastri, ikiwalipa kutangaza mechi zake yenyewe. Mwaka 2013 Ian Chappell, nahodha wa zamani wa Australia, alikataa kutangaza mfululizo wa mechi za Australia nchini India baada ya kuambiwa kuna mambo ambayo hayatazungumzwa hewani: uteuzi wa timu, uongozi wa mchezo, na mfumo wa kupitia uamuzi wa waamuzi kwa teknolojia. Aliuliza mapema, akajibiwa, akakaa nyumbani. Mimi simlaumu anayekubali masharti ya namna hiyo, maana si kila mtu ana jina la Chappell. Ninachomdai ni kwamba asiende Jumatatu kuendesha kipindi kinachojiita cha maoni huru juu ya mchezo uleule.

Basi kabla ya kusaini, uliza kwa maandishi: Je, masharti haya yananifunga nikiwa kwenye kipindi kingine, au wakati wa matangazo ya mechi tu? Jibu likiwa "yanakufunga kote", kipindi chako cha maoni kimekufa kabla hakijaanza, na bora ukijue hilo mapema. Jibu likiwa "hayakufungi kule", hakikisha yameandikwa. Maneno ya mezani hupotea siku meneja anapobadilishwa.

Hatua ya 3: Tenga ulichokijua kwa kazi moja na unachokisema kwa kazi nyingine

Kabla ya mechi kocha humweleza mtangazaji mambo mengi: nani ana maumivu ya paja, nani hataanza, mfumo gani unabadilishwa. Anasema kwa kuwa anaamini yatatumika kuieleza mechi vizuri. Ukiyabeba hadi Jumatatu na kuyafanya silaha ya mjadala, umemvunjia masharti. Ukiyajua na kujifanya huyajui, huku ukiongoza mjadala kwa namna ya kuyaficha, umemvunjia msikilizaji.

Utaratibu ninaouamini ni mwepisi. Kila unapoingia kwenye kikao cha maandalizi, sema mwanzoni kwamba una kipindi kingine, na uliza nini kinaweza kutumika huko. Wengine watanyamaza. Wanyamaze. Ni heri ujue kidogo kihalali kuliko ujue mengi ambayo huwezi kuyasema wala kuyasahau. Na mada ikifika kwenye kipindi ikagusa jambo uliloambiwa kwa siri, usibuni swali la kukwepa. Mwachie mwenzako aiendeshe, au sema: "Kuna ninayoyajua hapa kutokana na kazi yangu ya mechi ambayo siwezi kuyaeleza, kwa hiyo sitasema nani ana kosa."

Wapo watakaosema kauli hiyo inaamsha udaku. Kweli, inaamsha kidogo. Ila mwenye kipindi anayejifanya kushangazwa na habari aliyoijua tangu Ijumaa, kisha ikaja kubainika, huwa hana tena njia ya kurudi.

Hatua ya 4: Pima kila jambo: litajwe, ukae pembeni, au uachane nalo

Rudi kwenye karatasi yako ya hatua ya kwanza. Kila mstari una dawa moja kati ya tatu.

Mengi yanatosha kutajwa. Uliichezea klabu hiyo miaka 15 iliyopita. Kila mtu anajua, lakini taja tu. Yale yanayohusu fedha za sasa au ndugu wa karibu, kutaja peke yake hakutoshi: usiendeshe mada hiyo, achilia kiti kwa dakika hizo. Na yapo ambayo hayana dawa ila kuachana nayo. Huwezi kuwa wakala wa wachezaji, au mshirika wa kampuni ya wakala, na ukaendesha mjadala wa usajili kila wiki. Kila jina utakalolitaja lina bei, na bei hiyo inabadilika kwa kutajwa kwako.

Kuna kipimo kimoja cha kutenganisha haya. Fikiria msikilizaji amegundua jambo hili kesho, kupitia mtu mwingine. Je, atasema "aa, kumbe", au atarudi nyuma kuanza kuyapima upya yote uliyowahi kusema? Ukihisi ni la pili, kutaja hakukuokoi.

Wahariri wana tabia ya kuponea kwenye kutaja kwa sababu ni bure. Sentensi moja inasomwa, kila mtu anarudi kazini. Lakini mtangazaji anayetamka mgongano uleule kila wiki mwaka mzima anatuambia kwamba kuna tatizo ambalo hakuna anayetaka kulitatua.

Hatua ya 5: Tamka vizuri

Tamko baya linafanana hivi: "Kama mnavyojua, mimi nina uhusiano na watu wengi kwenye mchezo huu." Halijasema kitu. Jingine baya ni lile linalokuja mwishoni, likiwa limefunikwa na muziki wa kufungia kipindi.

Chukua mtangazaji wa kufikirika ambaye kituo chake kimenunua haki za ligi, naye Jumatatu anaendesha mjadala wa kama ligi hiyo iongeze idadi ya mechi. Tamko lake liwe hivi: "Kabla hatujaanza: kituo hiki kinarusha mechi za ligi hii, nami nalipwa kuzitangaza. Mechi zikiongezeka, kituo kinaweza kufaidika, na mimi pia. Sasa tuingie kwenye mada." Hayafiki maneno 30. Limesema nani analipa, linahusianaje na mada ya leo, na msemaji anafaidikaje. Sehemu ya tatu ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo msikilizaji anayoihitaji. "Nalipwa kutangaza ligi hii" ni habari. "Mechi zikiongezeka nafaidika" ndiyo inayomwezesha kupima hoja zako.

Litamke unapoanza mada, si unapoanza kipindi. Kipindi cha saa mbili kina wasikilizaji wanaoingia na kutoka, na kipande kikikatwa na kusambazwa mitandaoni, tamko la mwanzo wa kipindi halisafiri nacho. Ukijua kipande kitakatwa, liweke ndani ya kipande chenyewe, au liandike kwenye picha.

Sheria za nchi kadhaa zinaelekea hukohuko. Kanuni za Ofcom, mdhibiti wa utangazaji wa Uingereza, kifungu cha 5.8, zinataka maslahi binafsi ya mwandishi au mtangazaji yanayoweza kutilia shaka kutopendelea kwa kipindi yawekwe wazi kwa hadhira. Nchini Marekani, tume ya biashara, FTC, inataka anayesifia bidhaa aeleze uhusiano wake na mwenye bidhaa kwa namna ambayo mtu hawezi kuikosa. Australia ilijifunza kwa machungu. Mwaka 1999 ilifichuliwa kwamba John Laws, mmoja wa watangazaji wakubwa wa vipindi vya maoni redioni, aliacha kuyashambulia mabenki baada ya kuwapo makubaliano ya fedha na chama cha mabenki. Uchunguzi uliofuata ulimgusa pia Alan Jones, aliyewahi kuwa kocha wa timu ya taifa ya raga kabla ya kuwa sauti kubwa ya redio. Mwaka 2000 viwango vipya vikaja: mtangazaji mwenye mkataba na kampuni, akiitaja kampuni hiyo hewani, autaje mkataba papo hapo. Hakuna cha kungoja mwisho.

Hatua ya 6: Wageni

Mgeni anayelipwa ni mgeni anayelipwa, mseme. Mwaka 2023 Pat McAfee, ambaye kipindi chake cha maoni ya michezo kinarushwa na ESPN, alithibitisha kwamba Aaron Rodgers alikuwa akilipwa kwa kuonekana kwake kila wiki, mamilioni kwa jumla. Rodgers alikuwa bado mchezaji wa NFL, na mechi za ligi yake zilikuwa zikirushwa na kituo hichohicho. Kumlipa mgeni si kosa. Lakini swali analoulizwa mgeni wa kulipwa huwa na kona zilizolainishwa, na anayesikiliza ana haki ya kujua kwa nini.

Rafiki yako naye mtaje kwa neno moja: "rafiki yangu". Na mgeni akikupa orodha ya maswali yasiyoulizwa, ama umkatae ama umwambie msikilizaji kwamba orodha ipo.

Hatua ya 7: Wadhamini, hasa wa kubeti

Tangazo la sabuni linalosomwa na mtangazaji halina madhara makubwa. La kubeti ni jambo jingine kabisa, kwa sababu bidhaa inayouzwa ni matokeo ya mechi unayoichambua. Ukisema mshambuliaji fulani yuko fiti, kuna mtu anaweka mkeka kwa neno lako, na odi, yaani viwango vya malipo ya kubeti, zinaweza kusogea.

Juni 2023, siku klabu za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, mwandishi Shams Charania, ambaye wakati huo alikuwa pia na kazi kwenye televisheni ya kampuni ya kubeti FanDuel, aliandika kwamba kijana Scoot Henderson anapanda kwa kasi kuelekea kuchaguliwa wa pili. Odi ziliyumba. Klabu ya Charlotte, iliyokuwa na zamu hiyo, ikamchagua Brandon Miller. FanDuel ilisema haikuwa na habari hiyo kabla, na sina sababu ya kudai vinginevyo. Inawezekana kabisa Charania aliripoti tu alichoambiwa na chanzo chake. Shida ni kwamba hata kosa la kawaida la kikazi, ambalo kila mwandishi hulifanya, lilianza kuonekana kama kitu kingine. Hicho ndicho mkataba wa kubeti unachokunyang'anya: haki ya kukosea kwa nia njema.

Kwa hiyo: usibeti kwenye mchezo unaoutangaza, hata kiasi kidogo cha kuchangamsha. Usipokee malipo yanayotegemea idadi ya waliojisajili kupitia jina lako. Usitoe utabiri ndani ya sehemu iliyodhaminiwa na kampuni ya kubeti; mwenzako asome tangazo, wewe uchambue mechi baadaye, na katikati yake kuwe na kitu kingine. Ukiambiwa haiwezekani kwa kuwa mdhamini anakutaka wewe, umeshajua anachonunua.

Hatua ya 8: Siasa na mambo yaliyo nje ya uwanja

Hapa kelele ni nyingi kuliko uzito wa jambo lenyewe. Machi 2023 Gary Lineker, mtangazaji wa soka wa BBC, alifananisha lugha ya serikali ya Uingereza kuhusu waomba hifadhi na ile ya Ujerumani ya miaka ya 1930. BBC ikamweka pembeni, wenzake wakagoma kushika nafasi yake, na tarehe 11 Machi kipindi chake cha mechi kikaruka kwa dakika 20 hivi bila mtangazaji, mchambuzi wala sauti ya kutangaza. Siku chache baadaye akarudishwa, na Septemba mwaka huo BBC ikatoa mwongozo mpya wa mitandao ya kijamii kwa watangazaji wa vipindi vyake vikubwa.

Watu walibishana kama alikuwa sahihi. Kwa mwongozo huu swali ni dogo zaidi: kanuni zilikuwa wazi kwake na kwa mwajiri kabla ya siku ile? Lineker hakuwa mtangazaji wa habari wala mwajiriwa wa kudumu, na kila upande ulikuwa na tafsiri yake. Usisubiri vumbi litimke. Muulize mwajiri sasa, kwa mifano: Naruhusiwa kumponda waziri wa michezo kwenye podikasti yangu? Naruhusiwa kumpigia debe mgombea? Vipi ujenzi wa uwanja kwa fedha za umma, ambao ni siasa na ni michezo kwa pamoja? Swali la mwisho ndilo litakalokukuta kweli.

Maoni yako ya kisiasa, peke yake, si mgongano wa maslahi. Yanakuwa mgongano pale unapolipwa kwa ajili yake, unapogombea, au mwajiri wako anaposubiri kitu kutoka kwa mwanasiasa unayemjadili.

Hatua ya 9: Weka daftari la yasiyojadiliwa

Nimeshasema ukimya ndio unaodhuru. Namna pekee ninayoijua ya kuukamata ni kuuandika.

Kila wiki, mkimaliza kupanga kipindi, mtayarishaji aandike mada zilizopendekezwa na hazikupita, pamoja na sababu. Mstari mmoja kwa kila mada. "Haina sauti za wahusika." "Imepitwa na wakati." "Tumeijadili wiki jana." Sababu hizo ni halali. Mwisho wa miezi mitatu, soma daftari lote kwa mkupuo. Wiki moja moja huwezi kuona kitu. Kwa mkupuo utaona kwamba habari za mishahara ya wachezaji isiyolipwa zilikosa nafasi mara zote, kila mara kwa sababu tofauti na kila mara kwa sababu nzuri. Sababu nzuri sita zinazoangukia mada moja zinataka kuulizwa upya. Kisha linganisha na habari zilizotangazwa na vyombo visivyo na haki za mechi. Walichokiona wao na hamkukiona nyinyi kiko wapi kwenye daftari? Kama hakipo kabisa, maana yake hakuna aliyethubutu hata kukipendekeza, na hapo hali ni mbaya zaidi.

Agosti 2013 ESPN ilijitoa kwenye ushirikiano na Frontline, kipindi cha uchunguzi cha PBS, televisheni ya umma ya Marekani, waliokuwa wakiandaa makala ndefu kuhusu majeraha ya ubongo kwa wachezaji wa NFL. ESPN ilisema haikuwa na mamlaka ya kihariri juu ya kazi hiyo. Gazeti la New York Times liliripoti kwamba kulikuwa na shinikizo la ligi. ESPN na ligi zikakanusha. Makala ikarushwa na PBS Oktoba mwaka huohuo. Hata ukiamini maelezo ya ESPN neno kwa neno, somo halibadiliki: kituo chenye mkataba mkubwa na ligi hakiwezi kuacha habari ya aina hiyo bila watu kuuliza, na jibu pekee linalosimama ni kumbukumbu iliyoandikwa siku uamuzi ulipofanywa. Uhusiano wenyewe nao haujalegea tangu hapo. Agosti 2025 NFL na ESPN zilitangaza makubaliano ya ligi kupata asilimia 10 ya umiliki wa kituo. Mwenye kipindi cha maoni pale sasa ana mengi ya kuandika kwenye karatasi ya hatua ya kwanza, na karibu yote hakuyatafuta.

Daftari lishikwe na nani? Asilishike mtu wa mauzo, na asilishike mwenye kipindi. ESPN iliwahi kuwa na msemaji wa hadhira, mtu wa nje aliyeandika hadharani kuhusu makosa ya kituo, tangu 2005. Nafasi hiyo ikafutwa 2018. Kituo kidogo hakiwezi kumlipa mtu kama huyo, lakini mhariri wa dawati la habari, asiyegusa michezo, anaweza kulisoma mara moja kwa robo mwaka. Mwenye podikasti asiye na mhariri amtafute mtu mmoja asiyempenda sana.

Hatua ya 10: Ukiteleza, na mwajiri akikukatalia

Ukigundua umeendesha mada bila kutaja jambo ulilopaswa kulitaja, lirekebishe kwenye kipindi kinachofuata, saa ileile, kwa sauti yako. Sema ulichokosa kukisema na mada iliyohusika. Usieleze kwa nini ulisahau, hakuna anayejali. Kipande kilichobaki mtandaoni kiongezewe maandishi yenye tamko hilo; kukifuta kimyakimya ni kufunika kombe ili mwanaharamu apite, naye siku hizi huwa ameshakipakua.

Jambo gumu zaidi ni mwajiri anaposema usitaje kabisa. Idara ya biashara ina hofu kwamba kutaja mkataba kutamkera mshirika. Andika barua fupi, isiyo na hasira: mada ni hii, uhusiano ni huu, napendekeza sentensi hii isomwe, naomba jibu kabla ya siku ya kipindi. Mara nyingi mtu akitakiwa kuandika "hapana" kwa mkono wake, anagundua kwamba jibu lake lilikuwa "ndiyo, ila fupisha". Akiandika hapana kweli, una njia mbili: kuiacha mada hiyo kwa mtu asiyefungwa, au kuiendesha ukiwa umekaa pembeni kama mgeni mmojawapo na si kama mwongoza mjadala. Kuiendesha kama kawaida si njia ya tatu.

Ile karatasi ya hatua ya kwanza isahihishe kila unaposaini kitu kipya, kila mwanzo wa msimu, na siku ile mtu wa klabu atakapokupigia simu kuuliza kama ungependa mazungumzo yasiyo rasmi kuhusu nafasi fulani. Iandike simu hiyo siku hiyohiyo, hata kama ulikataa.